Jinsi ya Kurekebisha Sheria za Raga ya Ligi Bila Kuombwa na Mtu

Kwanza hakikisha timu yako imefungwa. Pendekezo la sheria kutoka kwa shabiki aliyeshinda huwa butu. Limejaa "pengine" na "ikiwezekana", na asubuhi mwenyewe ameshalisahau. Aliyefungwa ndiye mtunga sheria. Bora zaidi awe amefungwa dakika ya 78, kwa pasi iliyokwenda mbele huku uwanja mzima ukiiona, isipokuwa mwenye kipenga na mwenye kibendera. Huyo ataandika usiku huohuo, tena atagundua kwamba sheria ni mbovu, imekuwa mbovu miaka yote, na ilikuwa ikisubiri tu Jumamosi hii yeye apate kuiona.

Pili, hakikisha unaugombania mchezo wenyewe na si jirani yake. Msomaji wa Nairobi akisikia raga humjia akilini Shujaa, timu ya taifa ya wachezaji saba, mashindano ya Safari Sevens, na ile siku ya Aprili 2016 Kenya ilipowachapa Fiji 30-7 kule Singapore. Hiyo ni nyumba nyingine, na wenye nyumba hizi mbili hawakusalimiana kwa karibu miaka mia. Raga ya ligi ina wachezaji 13 kila upande. Ukikabwa, hakuna lundo la watu kugombea mpira chini: unaachiwa, unasimama, unauweka mpira ardhini na kuuviringisha nyuma kwa mguu, mwenzako anauokota, safari inaendelea. Wanaokaba wanatakiwa warudi nyuma mita 10. Unaruhusiwa kukabwa mara sita. Ya sita ikikukuta na mpira mkononi, unawakabidhi wapinzani, ndiyo maana baada ya kukabwa mara ya tano karibu kila timu huupiga teke. Basi. Mengine yote ni ufafanuzi, na kwenye ufafanuzi ndiko tunakotoana macho, kuanzia Yorkshire na Lancashire hadi Sydney, Brisbane, Auckland, kusini mwa Ufaransa, na Papua New Guinea, ambako huu ndio mchezo wa taifa na ambako timu mpya inaandaliwa kuingia ligi ya NRL ya Australia mwaka 2028.

Usitishwe na swali la "wewe ni nani hata utupangie?" Mchezo wenyewe umezaliwa kwa kugomea sheria. Tarehe 29 Agosti 1895 wakuu wa vilabu zaidi ya 20 vya kaskazini mwa Uingereza walikutana katika hoteli ya George mjini Huddersfield, wakajitoa kwenye chama cha raga cha nchi. Wachezaji wao walikuwa wachimbaji wa makaa ya mawe na vibarua wa viwanda vya nguo. Kucheza Jumamosi kulimaanisha kukosa ujira wa zamu, vilabu vilitaka kuwafidia, na chama kilichoongozwa na watu wasiojua zamu ni kitu gani kikakataa katakata. Wakaondoka. Wakishaonja utamu wa kubadili sheria moja, hawakuweza kuacha. Mwaka 1897 wakafuta ule utaratibu wa kupanga mistari miwili na kuurusha mpira kutoka pembeni. Mwaka 1906 wakapunguza wachezaji wawili kila upande. Trai, yaani kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, ilikuwa alama tatu. Mwaka 1983 ikawa nne. Kwa hiyo ukiandika pendekezo lako sebuleni ukiwa na kikoi kiunoni, unafuata nyayo za waasisi, ila wao walivaa suti.

Sasa siri ya kazi. Mtunga sheria mchanga hudhani anawaandikia wachezaji na refa. Hapana. Sheria ya raga ya ligi ina msomaji mmoja tu makini, naye ni kocha. Ataisoma usiku akinywa chai, na kufikia Jumatatu asubuhi atakuwa ameshapata tundu. Ukiitazama historia ya mchezo huu vizuri utaona ni tundu, kiraka, tundu jingine pembeni ya kiraka.

Chukua suala la kukaa na mpira. Hadi miaka ya 1960 hakuna aliyehesabu umekabwa mara ngapi. Timu iliyokuwa na mpira na nidhamu ingeweza kukaa nao mpaka mashabiki wapinzani wakumbuke wameacha kitu jikoni. St George ya Sydney ilitwaa ubingwa mara 11 mfululizo, kuanzia 1956 hadi 1966. Uingereza ikaanza kujaribu ukomo wa kukabwa mara nne mwishoni mwa 1966, Australia ikafuata mwaka 1967, na taji la mwaka huo likaenda South Sydney. Lakini mara nne ni chache. Watu walikuwa hawajapanga vizuri mashambulizi, tayari wameshalazimika kupiga mpira. Na kwa kuwa bao la mkwaju wa kudondosha, ule wa kuuangusha mpira chini na kuupiga unapodunda, lilikuwa na alama mbili, kocha akauliza swali la haki: mbona tujisumbue kukimbia? Katika fainali ya 1970 Eric Simms wa South Sydney alipiga mikwaju minne ya aina hiyo. Mwaka uliofuata Australia ikaishusha thamani ya mkwaju huo hadi alama moja, na kukabwa kukawa mara sita. Halafu mwaka 2021 NRL ikarudisha alama mbili kwa mtu atakayepiga akiwa nje ya mita 40. Miaka 50, na tumerudi palepale, hatua chache tu nyuma.

Mfano wa pili una jasho zaidi. Mwaka 1993 mita tano za kurudi nyuma ziliongezwa zikawa 10, ili washambuliaji wapate pa kupumulia. Wazo zuri. Kocha akapiga hesabu: mita 10 zahitaji muda, na muda hupatikana kwa kumkalia aliyekabwa. Walimu wa mieleka na jujitsu wakapata ajira, Melbourne Storm ikiwa kinara wa fani hiyo, na mchezo uliotengenezwa kwa ajili ya wakimbiaji ukapata mabingwa wa kulala juu ya watu kwa adabu. Refa akipiga penalti, mchezo unasimama, walinzi wanapumua: kwao hiyo haikuwa adhabu, ilikuwa likizo. Mei 2020, NRL iliporejea baada ya kusimamishwa na korona, mwenyekiti Peter V'landys akaleta dawa yake. Badala ya penalti, refa apunge tu mkono na hesabu ianze upya: sita tena. V'landys alikuwa pia mtendaji mkuu wa mbio za farasi za New South Wales, na mtu wa farasi hapendi kuona kitu kimesimama. Mchezo ukawa mbio tupu. Kocha akapiga hesabu tena: mpinzani yuko mbali bado, kwao, ndiyo kwanza amekabwa mara moja. Nikimkalia, nimempa nini? Nafasi moja ya ziada. Nafuu sana, nifungie mzigo mzima. Mwaka 2022 ikabidi penalti irudi kwa makosa ya namna hiyo yanayofanywa timu yenye mpira ikiwa bado ndani ya mita zake 40.

Kabla hujatuma pendekezo, basi, jivalishe ukocha kwa dakika tano. Jiulize: ningekuwa mtu mwenye roho ngumu na mkataba unaoisha Septemba, sheria hii ningeifanyia nini? Zinazopita mtihani huu ni chache. Nampenda mmojawapo wa wateule hao, mkwaju wa 40/20, uliobuniwa mwaka 1997: ukipiga mpira ukiwa nyuma ya mstari wa mita zako 40, ukadunda uwanjani na kutoka pembeni ndani ya mita 20 za wapinzani, mpira ni wenu tena. Kocha hana la kufanya nao zaidi ya kutafuta mtu anayejua kupiga. Linganisha na ile ya 2014, inayompa mlinzi nafasi saba badala ya sita mpira ukipigwa ukapitiliza hadi nje nyuma ya mstari wa trai. Ilitungwa kuwabana waliokuwa wakiupeleka mpira nje makusudi ili beki wa nyuma wa wapinzani asiuguse. Lakini inamwadhibu pia kijana aliyesukuma mpira chinichini kwa nia njema ukateleza nusu mita. Sheria haijui nia. Kocha ndiye anayeijua, na anaificha.

Sasa mapendekezo yangu. La kwanza nalitaka kwa dhati, na msomaji wa Safari Sevens atanielewa haraka. Katika raga ya wachezaji saba, timu ikifunga ndiyo inayoanzisha mpira kuwapa wapinzani. Kwenye raga ya ligi ni kinyume: umefungwa, umeinama umeshika magoti, kisha unatakiwa uchukue mpira na uwapigie walewale waliokufunga. Ni kama kumtoza aliyeibiwa nauli ya mwizi. Matokeo yake unayajua ukitazama mechi mbili tu. Timu moja inafunga, inapokea, inasonga mita 60 kwa miguu ya walinzi waliochoka, inafunga tena, inapokea tena, na ndani ya robo saa mtu amekula trai nne bila kushika mpira ila kuuweka katikati. Msimu wa 2021, sita tena ilipokuwa imekolea, timu dhaifu zilikuwa zikipigwa alama ambazo ukizitaja kwa shabiki wa soka anadhani ni kriketi. Badilisheni, aliyefunga ndiye apige. Tundu la kocha naliona: atafundisha mkwaju mfupi wa juu, ili watu wake warefu wauwahi hewani. Sawa. Kuruka na kugombea mpira hewani angalau ni mchezo, na kuna tikiti zinazouzwa kwa ajili yake.

La pili ni skramu, na hapa nashauri utumie lugha ya upole, maana unamzungumzia marehemu ambaye hajazikwa. Sheria inasema mpira uingizwe katikati, kwenye njia iliyo wazi kati ya pande mbili zilizoshikana. Kwa vitendo, mwingizaji anauweka miguuni pa watu wake, mbele ya refa, mbele ya kamera, mbele ya mama yake aliye jukwaani, na hakuna anayeshtuka. Wanaume 12 wakubwa wanainama, wanakumbatiana, wanainuka. Wako wanaotaka ifutwe kabisa, na ligi kuu ya Uingereza iliwahi kuisimamisha mwaka 2020 kwa hofu ya korona, bila yeyote kugundua upungufu katika ushindani. Mimi nasema ibaki. Ikiwakusanya wanene 12 mahali pamoja, mabeki wanapata uwanja mpana wa kukimbia, na hilo ni jambo zuri. Ninachoomba ni ukweli tu. Kitabu cha sheria kiandikwe upya: "Skramu ni mkutano mfupi wa hiari. Mpira ni wa mwenyeji wa mkutano. Atakayesukuma ameonyesha utovu wa adabu."

Kisha wabeba maji. Ukitazama mechi ya NRL kwa mara ya kwanza utadhani kila timu ina wachezaji 15, wawili wakiwa na chupa. Wanaingia na maji, wanatoka na habari. Wanasimama nyuma ya mstari wa ulinzi wakielekeza magari. Tarehe 6 Oktoba 2019, fainali ya Sydney Roosters na Canberra Raiders, mapema kabisa Canberra walizuia mkwaju wa Roosters, mpira ukaruka nyuma kuelekea uwanja mtupu, ukamgonga mtu wa huduma wa Roosters wenyewe. Uamuzi? Skramu, na mpira wapewe Roosters. Refa alifuata kitabu. Kitabu ndicho kilichokuwa hakijawahi kuwaza kwamba ndoo ya maji inaweza kucheza ulinzi. Pendekezo: mtu wa huduma akiguswa na mpira, achukuliwe kuwa mchezaji halali, na kwa hiyo akabwe. Mara moja tu ikitokea, wote watajifunza kunywesha watu haraka.

Fainali hiyohiyo ina sura ya pili, ambayo huko Canberra haitajwi mbele ya watoto. Ubao ukisoma 8-8, zimebaki dakika chache, refa Ben Cummins anainua mkono: sita tena. Anabadili mawazo hapohapo. Haikuwa sita tena, ilikuwa ya mwisho. Jack Wighton wa Canberra, aliyeona mkono wa kwanza na hakuona wa pili, anakubali kukabwa kwa utulivu, akijua wana nafasi tano mkononi. Hawana hata moja. Mpira ukaenda Roosters, muda mfupi baadaye James Tedesco akafunga trai, na mechi ikaisha 14-8. Kila shabiki aliyeitazama ana pendekezo moja: mkono ukishainuliwa, umeinuliwa. Nami niliwahi kuliunga mkono kwa kelele. Shida ni kwamba uamuzi wa pili ndio uliokuwa sahihi. Wakuu wa ligi walisema hivyo, na marudio ya picha yanasema hivyo. Tunachoomba, tukisema kweli, ni refa apewe haki ya kukosea kwa msimamo. Sioni ubaya. Kuna ndoa zinaendeshwa kwa utaratibu huo.

Ukifika kwenye pasi ya mbele, keti. NRL ina chumba cha marudio ya video kilichofunguliwa Sydney mwaka 2016, chenye skrini za kutosha kuongozea ndege. Humo wanaweza kukuonyesha kwamba unyayo wa kiatu uligusa chokaa, au kwamba kucha ilipapasa mpira kabla haujafika chini. Lakini pasi iliyokwenda mbele mita moja, ambayo hata muuza vitafunwa aliiona akiwa amegeuka, hawaruhusiwi kuiamulia. Sababu inayotolewa ni ya kisayansi: mtoaji anakimbia, kwa hiyo mpira hubeba mwendo wake, na kinachohukumiwa ni mpira ulivyoachwa na mikono, si ulikotua, na kamera ikikaa pembeni isivyofaa, inadanganya. Sababu hiyo ni ya kweli, na haijawahi kumtuliza mtu yeyote. Shabiki wa kawaida atapendekeza vifaa vya kielektroniki ndani ya mpira. Mimi napendekeza njia nafuu: kila timu iruhusiwe pasi moja ya mbele kila kipindi, itangazwe rasmi, na nahodha anyooshe kidole kusema "hii ndiyo yetu." Kocha atatunza yake hadi dakika ya 40, kama wanavyotunza kila kitu, ila angalau tutajua lini tupige kelele.

Uingereza nitaipitia haraka kwa kuwa wenzetu huko wameshanishinda kwa ubunifu. Mwishoni mwa 2023 London Broncos walipanda daraja kwa kushinda uwanjani, kwa kuwa bado iliruhusiwa. Wakaingia msimu wa 2024 wakijua kwamba mfumo mpya wa kupima vilabu kwa fedha, uwanja, wafuasi na mengineyo haukuwa na nafasi yao, na mwisho wa msimu wakatoka kwenye ligi kuu. Wafuasi wa mitandaoni nao wanaingia katika hesabu. Mtu wa kejeli hana cha kuongeza hapo. Labda tu mechi zenyewe zichezwe wakati ambao hazitaingilia hesabu.

Linabaki suala la sare. Tangu 2003 NRL ina muda wa nyongeza wa dakika 10, na anayepata alama ya kwanza ameshinda. Kwa sisi tunaotazama kutoka Afrika Mashariki, mechi ya saa mbili usiku ya majira ya baridi ya Sydney inatukuta saa saba mchana, sahani mkononi, na nyongeza hii ndiyo inayofanya chakula kipoe. Kingekuwa kipindi cha kusisimua kama kocha asingekuwepo. Lakini yupo: watu wanasogea katikati mara nne, mara tano, bila hata pasi moja ya ujasiri, kisha mtu anajaribu mkwaju wa kudondosha, unapaa pembeni, na upande wa pili unafanya vilevile. Usifute mkwaju, hilo wamelisema wengi, na kocha atahamia kwenye kutafuta penalti mbele ya magoli. Punguza watu. Kila dakika ikipita bila alama, kila timu itoe mchezaji mmoja. Dakika ya tatu uwanja utaanza kupumua, ya sita mabeki watakimbia walikotaka kukimbia tangu saa moja iliyopita, ya tisa watabaki wanne kila upande, hoi, wakitembea. Na wakishindwa hata hapo, msipige kengele. Endeleeni mpaka abaki mmoja kwa mmoja katika mita 100. Najua mtaniuliza: mmoja huyo akikabwa, akasimama, akaviringisha mpira nyuma kwa mguu kama sheria inavyotaka, nani atauokota? Hilo nimewaachia makocha. Kufikia Jumatatu watakuwa na jibu.